Gesi, umeme mtupu au sola: ukiwa umekalia mwamba wa gesi wa Barnett unachagua nini?

Rafiki yangu mmoja, mtu wa Moshi, kanunua nyumba Mansfield hapa Texas, nyumba ya miaka ya tisini, jiko la gesi, hita ya gesi, tangi la maji ya moto la gesi, yaani kila kitu gesi. Januari hii baridi ilivyokaza tu hita ikagoma. Fundi kapanda darini, kashuka na sura ya msiba, anasema kule ndani inakochomea pamepata ufa, hii siwezi kuiwasha tena, ibadilishwe. Ndani ya wiki moja akawa na bei tatu mezani: hita mpya ya gesi kama ile ya zamani, pampu ya joto (mashine moja ya umeme inayopooza nyumba kiangazi na kuipasha wakati wa baridi), halafu kijana wa sola naye akagonga mlango Jumamosi asubuhi na tableti mkononi, anasema paa lako linatazama kusini, una bahati. Akanipigia: "Sasa kaka mi nafanyaje? Na hii gesi si ndo wanasema inaharibu hali ya hewa?"

Nilimjibu kwenye simu dakika arobaini na nikamchanganya zaidi. Kwahiyo naandika hapa taratibu, maana najua hayuko peke yake, Dallas na Fort Worth tumejaa, na swali la hita na swali la hali ya hewa ni swali moja limevaa nguo mbili.

Napima kwa mizani gani

Kabla sijagusa machaguo yenyewe niseme mizani yangu, maana watu wanabishana masaa mawili kumbe kila mmoja ana ratili yake mfukoni. Mimi naangalia vitu vitano. Hela, ya kununua na ya kila mwezi. Siku umeme umekatika na nje kuna barafu, nyumba inakuwaje. Mtaa, yaani visima, maji, ardhi kutikisika, hewa ndani ya nyumba. Nne ni anga: hewa ukaa na methani. Ya mwisho ndo watu wanaisahau: hela yako inasukuma nini mbele, bomba jipya la gesi au jua na upepo.

Sitasema kipi kimeshinda. Nyumba hazifanani, mifuko haifanani, na kuna wengine wamepanga hata hita siyo yao.

Kwanza, hiyo gesi iliyo chini ya miguu

Ukikaa Fort Worth, Arlington, Mansfield, mpaka kule Denton, umekalia mwamba unaoitwa Barnett. Ni mwamba wa sheili (siyo sheli unapojazia mafuta), tope lililoganda mamilioni ya miaka, uko kama kilomita mbili kwenda chini, na gesi imejibana humo ndani kwenye vitundu vidogo sana kiasi kwamba ukitoboa tu haitoki. Kampuni ya mzee George Mitchell, mzaliwa wa Galveston, ilihangaika na mwamba huu tangu mwanzoni mwa miaka ya 80, watu wakiamini anatupa hela shimoni, mpaka kufika 1998 wakapata dawa: kushindilia maji mengi sana yenye mchanga na kemikali kidogo kwa presha kubwa mpaka mwamba upasuke, maji yakirudi juu mchanga unabaki umeshikilia nyufa zisijifunge. Mwaka 2002 kampuni nyingine, Devon, wakainunua kampuni yake wakaongeza ujuzi wa kulaza kisima, yaani kinashuka wima halafu kinakata kona na kutambaa chini ya nyumba za watu. Hiyo ndo frakingi. Kisima kimoja kinakunywa mamilioni ya galoni za maji.

(Nyumbani wakiniuliza: hapana, gesi ya Songosongo na Mnazi Bay haitolewi hivi, ile inatoka yenyewe kwenye mwamba wenye matundu ya kutosha. Usimtishe mjomba wa Mtwara bure.)

Sasa hii gesi ilifanya mambo mawili kwa mpigo, na mtu akikwambia moja tu ujue anakuuzia kitu. Jambo la kwanza, iliua makaa ya mawe. Mwaka 2005 karibu nusu ya umeme wa Marekani ulitoka kwenye makaa, kufika 2023 ni kama asilimia 16, na gesi ikapanda kutoka chini ya moja ya tano mpaka zaidi ya asilimia 40. Kwenye mtambo wa umeme gesi inatoa kama nusu ya hewa ukaa ya makaa kwa uniti ileile, kwahiyo moshi wa sekta ya umeme ulishuka zaidi ya theluthi, gesi ikichangia sehemu kubwa na upepo na jua sehemu yao. Hiyo ni kweli na haina haja ya kuionea aibu.

Jambo la pili ni kwamba gesi asilia ni methani karibu yote, na methani ikitoroka kabla ya kuchomwa ni balaa, kwa miaka 20 ya mwanzo inashika joto zaidi ya mara 80 ya hewa ukaa kwa uzito uleule. Sasa inatoroka kiasi gani? Robert Howarth na wenzake wa chuo cha Cornell ndo walianza kelele 2011, wakisema gesi ya sheili inaweza kuwa mbaya kuliko makaa ukiangalia miaka 20, watu wakawashambulia sana. Baadaye wengine wakapiga hesabu kwamba mtambo mpya wa gesi unashinda makaa tangu siku ya kwanza kama uvujaji uko chini ya asilimia 3 na kidogo. Utafiti mkubwa wa 2018 ukapata wastani wa nchi nzima ni asilimia 2.3, ambayo ni zaidi sana ya makadirio ya serikali lakini bado chini ya mstari. Halafu setilaiti iliyopima Permian, kule magharibi ya Texas, 2018 na 2019 ikatoa asilimia 3.7. Yaani inategemea gesi yako imetoka kisima gani na nani anakagua valvu zake, na wewe ukiwasha jiko hakuna kibandiko kinachokwambia.

Kuhusu jua na upepo, hapo gesi ina sura mbili kabisa. Bei ya gesi ikishuka inavuta chini bei ya umeme wote, na mwenye shamba la upepo anayetaka mkopo benki anaonekana hana faida. Lakini mtambo wa gesi unaweza kuwashwa haraka jua linapozama, kwahiyo umekuwa ndo kigoda ambacho upepo na jua vinakalia. Nenda Denton ukaone. Novemba 2014 wananchi walipiga kura kupiga marufuku frakingi ndani ya mji wao, karibu asilimia 59 wakasema hatutaki. Mei 2015 gavana akasaini sheria ya kuwanyang'anya miji mamlaka hayo, marufuku ikafa. Sawa. Mji uleule, ambao umeme ni wa halmashauri, ukaamua kwenda upepo na jua kwa nguvu, na ili mpango usimame 2018 wakafungua mtambo wa megawati 225 unaotumia nini? Gesi. Sijawacheka, mi mwenyewe ningefanya hivyohivyo mwaka ule maana betri zilikuwa bado ghali. Leo hesabu inabadilika, gridi ya Texas ambayo 2020 ilikuwa na betri kiduchu sasa ina maelfu ya megawati, zinachajiwa mchana na jua na kumwagwa jioni, saa ileile ambayo gesi ilikuwa inajivunia.

Chaguo la kwanza: baki na gesi

Hela. Kununua ndo rahisi kuliko yote kama bomba liko tayari na nyumba ilishatobolewa bomba la moshi. Fundi anamaliza siku moja. Bili ya kila mwezi ni ndogo kiangazi, inapanda baridi, lakini angalia ada ya kudumu, ile unailipa hata usipowasha kiberiti. Na huku kwa gesi huchagui kampuni kama kwenye umeme, mwenye bomba la mtaa wako ndo huyohuyo. Bei nayo siyo ya Texas tena: tangu 2016 Marekani ilipoanza kusafirisha gesi ya kimiminika kutoka Sabine Pass, ukingoni mwa Louisiana hatua chache kutoka mpaka wetu, kidogo kidogo tumeunganishwa na soko la dunia, na 2022 vita ya Ukraine ilivyokolea bei ilionekana mpaka huku. Kinachoniudhi ni kwamba 2024 kule Waha, kwenye soko la Permian, siku nyingi bei ilishuka chini ya sifuri, yaani mwenye gesi anakulipa uichukue maana mabomba yamejaa na yeye anatafuta mafuta, gesi ni takataka kwake, na bili ya Mansfield haikujua habari hizo.

Siku ya barafu. Hapa nina hadithi. Februari 2021 nilikuwa napanga Arlington, apatimenti ya umeme mtupu. Usiku wa kuamkia tarehe 16 kipimo kilisoma nyuzi 2 chini ya sifuri za Fahrenheit, kama 19 chini ya sifuri kwa Selsiasi, umeme umeshakatika, maji kwenye sinki yameanza kufanya utando. Tukahamia kwa familia moja Grand Prairie kwa sababu "wao wana gesi". Tunafika, nyumba ni baridi vilevile! Hita ya gesi ina feni, feni inataka umeme, themostati inataka umeme, kwahiyo gesi ipo na joto hakuna. Kilichofanya kazi ni jiko, baba mwenye nyumba anawasha kwa kiberiti, na tangi la maji ya moto la kizamani lenye kimoto kinachowaka muda wote. Tulikunywa chai ya tangawizi siku mbili na watoto waliogeshwa maji ya moto. Siwezi kudharau hilo. Lakini jiko siyo la kupasha nyumba, na jiko la mkaa ndani ndo kabisa usithubutu, wiki ile watu walikufa kwa kaboni monoksaidi, ile hewa ya sumu, wakitafuta joto, wengine wamewasha gari ndani ya gereji.

Na usidanganywe kwamba gesi ndo iliokoa Texas wiki ile. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 zilikosa umeme, serikali ya jimbo ikahesabu vifo 246. Upepo uliganda ndio, mapanga yalishika barafu, ila zaidi ya nusu ya mitambo iliyoshindwa ilikuwa ya gesi: visima viliganda, na kompresa za kusukuma gesi nyingine zilikatiwa umeme na haohao wanaogawa umeme, ukisikia kujikata mkono ndo huko. Gharama ya gesi ya wiki hiyo ilifungwa kwenye bondi za zaidi ya dola bilioni 3, wateja wa gesi tutaendelea kulipa kidogokidogo kwa miaka mingi.

Mtaa. Ukipita Arlington utaona ukuta wa rangi ya udongo, kama wa godauni, nyuma yake matangi ya kijani au ya kahawia yamejipanga, ng'ambo ya barabara kuna bembea za watoto. Ndo kisima hicho. Kanuni ya Fort Worth ni futi 600 toka nyumba, lakini ruhusa za karibu zaidi hutolewa. Barnett yenyewe ilishafika kilele karibu 2011 na 2012, rigi nyingi zimehamia Permian na Haynesville (mwamba mwingine wa gesi), ila visima vya zamani bado vipo na vinarudiwa. Kutikisika kwa ardhi mara nyingi siyo kule kupasua kwenyewe, ni maji machafu ya chumvi yanayorudishwa chini kwenye visima vya kutupia: Azle mwishoni mwa 2013 watu waliamka vitanda vinacheza, na wataalamu wa chuo cha SMU walikuja kusema utupaji wa maji hayo pamoja na uvunaji ndo sababu inayoelekea zaidi. Ndani ya nyumba, jiko la gesi linatoa hewa ya naitrojeni dayoksaidi inayowasumbua wenye pumu, na utafiti wa chuo cha Stanford wa 2022 ukakuta zaidi ya robo tatu ya methani inayovuja jikoni inavuja jiko likiwa LIMEZIMWA. Hiyo ilinishtua kuliko zote.

Anga na msukumo: umefunga mkataba na bomba kwa miaka 15 mpaka 20, uhai wa hita. Hata gridi ikija kuwa ya jua tupu, wewe unachoma.

Linamfaa nani? Mwenye hela kidogo sasa hivi na hita imekufa kwenye baridi, anayejua atauza nyumba miaka miwili mitatu, na mwenye nyumba iliyo na waya za kizamani ambayo kuongeza mzigo wa umeme ni kubadilisha boksi zima la swichi.

Chaguo la pili: umeme mtupu na pampu ya joto

Hili nitalikalia kidogo kwa sababu ndo watu hawalielewi, wanadhani ni ile hita ya koili nyekundu inayomaliza umeme. Siyo. Pampu ya joto ni kiyoyozi kinachojua kurudi nyuma. Haitengenezi joto, inalisomba kutoka nje na kulileta ndani, na kwa uniti moja ya umeme inakuletea mbili na nusu mpaka tatu za joto kwenye baridi ya kawaida ya Texas.

Sasa swali la mtego ambalo rafiki yangu aliuliza vizuri tu: kama zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa gridi yetu unatoka kwenye gesi, si nimezunguka mbuyu? Twende polepole. Chukua gesi ya uniti 100. Kwenye hita ya nyumbani unapata joto 80, kwa hita nzuri 95. Peleka gesi ileile 100 kwenye mtambo mzuri wa umeme, unapata umeme kama 50, toa upotevu wa njiani zimebaki 47 hivi, pampu inazigeuza kuwa joto 120 au 140. Yaani hata kama gridi ingekuwa gesi TUPU bado umetumia gesi kidogo zaidi. Na siyo tupu: upepo ni karibu robo ya umeme wa Texas, jua linapanda kila mwaka, kuna nyuklia na makaa yaliyobaki.

Hela: kununua ni ghali kuliko hita ya gesi, lakini kama kiyoyozi chako nacho kimezeeka unanunua kimoja badala ya viwili, hapo pengo linafinyika. Nafuu ya kodi ya serikali kuu iliyokuwepo kwa mashine hizi iliisha na mwaka 2025, kwahiyo usikubali muuzaji anayekupigia hesabu nayo. Ukiondoa na jiko na tangi la maji ukaifunga kabisa mita ya gesi, ada ya kudumu inakufa, ila ukiacha jiko peke yake unalipa ada nzima kwa ajili ya maharage.

Halafu mkataba wa umeme. Kwa maeneo yenye ushindani unachagua kwenye tovuti ya jimbo, Power to Choose. Usiangalie bei ya juu, fungua ile karatasi ya ukweli wa bei, ina safu tatu: uniti 500, 1,000 na 2,000. Kuna mikataba inang'aa kwenye 1,000 kwa sababu wanakurudishia pesa ukifika hapo, ukitumia 980 umeliwa. Nyumba ya pampu ya joto inatumia sana Januari na Agosti, kidogo Aprili, kwahiyo tafuta bei iliyotulia safu zote. Na ule ulioandikwa asilimia 100 jua na upepo: umeme unaokuja ukutani ni uleule wa jirani, wanachofanya ni kununua vyeti kwa kiasi ulichotumia. Siyo uongo ila siyo waya wako peke yako.

Siku ya barafu. Umeme ukikatika huna kitu. Hata chai. Na ikishuka chini sana pampu inapungua nguvu, zinawaka koili za akiba ambazo zinakula umeme kama kiwanda, na nyumba za aina hiyo kwa mamilioni kuwaka pamoja ndo sehemu ya mzigo ulioizidi gridi 2021. Texas zaidi ya nusu ya nyumba zinapashwa kwa umeme tayari, nyingi kwa koili tu. Kuna pampu za siku hizi zinahimili baridi kali, uliza uwezo wake kwenye nyuzi 5 za Fahrenheit uandikiwe, siyo uambiwe kwa mdomo. Na ziba nyufa za dari kwanza, hiyo ndo pesa inayofanya kazi kuliko mashine yoyote.

Mtaa na hewa: ndani ni safi, nje visima bado vipo maana mtambo wa gesi bado unalishwa. Anga: nimeshasema, na zuri lake ni kwamba inajisafisha yenyewe, kila shamba la jua linalounganishwa linapunguza moshi wa hita yako wewe umekaa tu. Msukumo nao uko hapo, mahitaji yako yanaenda gridini ambako vitu vingi vipya vinavyojengwa ni jua, betri na upepo. Watu wanashangaa Texas ya mafuta ndo inaongoza nchi kwa upepo, lakini jimbo lilijenga nyaya za maili 3,600 hivi kutoka magharibi kwa karibu dola bilioni 7, zikakamilika mwanzoni mwa 2014, upepo ukapata barabara. Ila mjue Novemba 2023 wapiga kura walipitisha pia mfuko wa mikopo nafuu ambao kimsingi unalenga mitambo mipya ya gesi, na vituo vya data vinakuja na njaa yao. Kwahiyo haijaamuliwa.

Linamfaa anayetaka kubadilisha kiyoyozi hata hivyo, mwenye mtoto wa pumu, anayekaa miaka kumi.

Chaguo la tatu: sola juu ya paa, na betri

Hela ni mlima. Kwa nyumba inayotumia uniti elfu moja na kitu kwa mwezi unaongelea bei ya gari, na betri ni juu ya hapo. Asilimia 30 ya nafuu ya kodi kwa anayenunua mwenyewe haipo tena kwa mfumo uliokamilika baada ya 31 Desemba 2025. Texas haina sheria ya jimbo zima ya kurudishiwa uniti moja kwa moja, kampuni yako ya umeme ndo inaamua inanunua mabaki yako kwa bei gani, soma mkataba kabla ya kusaini wa sola, siyo baada. Mkopo wa miaka 25 ambao malipo yanapanda kila mwaka, mi ningekimbia.

Siku ya barafu ndo hapa watu wanalia: sola bila betri umeme ukikatika INAZIMIKA, kwa usalama wa mafundi wa laini. Unakaa gizani chini ya paneli za dola elfu ishirini. Ukiwa na betri ya uniti 13 hivi unaendesha friji, taa, simu, feni ya hita ya gesi usiku kucha, lakini pampu ya joto na koili zake itaimaliza mapema. Ndo maana, cheka tu, kwa usiku kama ule wa 2021 hita ya gesi na betri ndogo ni ndoa nzuri.

Mtaa: ni kimya, hakuna harufu, ila huku kuna mvua ya mawe, yale mawe kama mipira ya gofu, na bima ya nyumba inapanda. Paa la miaka 15 libadilishe kwanza maana kushusha paneli na kuzirudisha ni hela nyingine. Anga ni safi kuliko yote mawili, na msukumo ni wa moja kwa moja, unapunguza mzigo saa za joto kali ambapo mitambo ya gesi ya akiba ndo huwashwa.

Linamfaa mwenye paa jipya, asiye na miti kusini, mwenye hela taslimu au mkopo wa riba ndogo, na yule mwenye mashine ya oksijeni au dawa za kwenye friji.

Kwahiyo ukiwa wewe ni...

Umepanga apatimenti: chaguo lako ni mkataba wa umeme tu. Soma safu tatu, chukua wa jua na upepo kama tofauti ni senti, usisumbuke na mengine.

Unanunua nyumba kaunti ya Tarrant (kwenye Fort Worth) au Denton: mwambie dalali akuonyeshe kwenye hati kama haki za madini zinakuja na nyumba au mwenye zamani kazibakiza. Texas mwenye madini ana nguvu kuliko mwenye ardhi ya juu. 2008 watu wa Fort Worth walisainishwa kwa zaidi ya dola elfu 20 kwa eka, leo usitegemee hiyo. Na angalia ramani ya visima kabla ya kuangalia jikoni.

Hita imekufa leo, hela hakuna: gesi, ila nunua ya kawaida ya bei nafuu usijifunge mkopo mrefu, na weka kengele ya kaboni monoksaidi.

Kiyoyozi na hita vyote vimezeeka: piga bei ya pampu ya joto angalau kwa mafundi watatu.

Unafanya kazi Midland au Odessa, kule Permian, unalishwa na frakingi: hakuna anayekudai uone aibu. Kama uko kwenye nafasi ya kuripoti valvu inayovuja au mwenge wa kuchomea gesi ya ziada uliozimika huku gesi inatoka, hiyo ripoti moja inashinda hita zetu zote za mtaani.

Umeme wako ni wa halmashauri, Denton, Austin, San Antonio: huna soko la kuchagua, nenda kwenye kikao cha bodi, kwanza huwa kina watu wachache.

Yule wa Mansfield mwishowe kaweka pampu ya joto na dari kaijaza sufi. Sola kasema mpaka abadilishe paa. Jiko la gesi kaliacha, maana mama yake anakuja mwezi wa nne kukaa miezi sita na hataki kumfundisha jiko jipya, kwahiyo ada ya kudumu bado analipa, na kila bili ikifika ananitumia picha yake na kimoji cha maharage.